Punda aliyekwisha kuzoea daraja anapoligomea tena

*"Daktari, mimi nauza maji hapa Njoro kwa mkokoteni wa punda. Nina punda dume aliyehasiwa, wa miaka 9 hivi, na mwenzake jike ambaye amezeeka na siku hizi hubaki nyumbani. Mwaka jana tulikuwa tunavuka daraja dogo lisilo na kingo, ambalo lazima nilivuke kufikia wateja. Lori likatupita, likapiga honi na kuachia zile breki za upepo. Punda akaruka, gurudumu likatoka nje ya daraja, akaanguka mtaroni na madumu 8 ya maji juu yake. Alichanika mguu, akapona, lakini daraja akalikataa kabisa. Mwanangu alikaa naye wiki 6, kila alfajiri kabla magari hayajaanza, bila mkokoteni, akimpa karoti na kumpigia mluzi, hadi akavuka kama zamani. Tukavuka miezi 4 bila shida. Mwezi wa kwanza mwanangu akaenda shule ya bweni, mimi nikaugua, punda akapumzika wiki 3. Siku niliyomtoa, saa nane mchana na mkokoteni umejaa, alifika darajani akasimama kama mti. Nilimpiga, na nimejuta. Tangu siku hiyo hata lori likipita nyuma ya ua anatetemeka. Jirani mmoja anasema ni ukaidi, tumvute watu wanne kwa kamba. Mwingine anasema nimuuze. Je, alikuwa anajifanya amepona? Kazi yote ya mwanangu imepotea?"*

Mama, pole kwa kuugua, na pole kwa yaliyompata mnyama anayekulishia nyumba. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Kazi ya mwanao haijapotea. Zile wiki 6 zimo kichwani mwa punda huyu hadi leo. Wala hakuwa akijifanya. Alfajiri zile alipovuka akitafuna karoti, alikuwa ametulia kweli. Mchana ule aliposimama kama mti, alikuwa ameogopa kweli. Yote mawili yanakaa ndani ya mnyama mmoja, na ukishaona yanavyokaa utajua pa kuanzia.

Kwanza tuliweke kando hilo neno ukaidi. Farasi akiogopa hutimka. Punda akiogopa, mara nyingi husimama. Wazee wake walikuwa punda-mwitu wa nchi kame za pembe ya Afrika, nchi ya mawe na majani haba, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo yeye husimama, akatazama, akapima. Kusimama huko ndiko watu wamekuita ukaidi tangu enzi na enzi, na ndiko kumemletea viboko visivyo na idadi. Siku utakapofika tena karibu na daraja, usimtazame miguu tu. Tazama masikio: yamesimama yakaelekea mahali pamoja, hayazunguki. Tazama pua, kama matundu yamepanuka. Tazama midomo, kama imekazwa, na mkia, kama umebanwa katikati ya mapaja. Utaona uzito wote ameurudisha kwenye miguu ya nyuma. Punda aliyechoka tu au asiyetaka kazi huonekana tofauti kabisa. Hulegeza mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini unaning'inia, masikio yanakwenda huku na huku yakisikiliza dunia. Nina hakika wako hasimami hivyo.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na walioichunguza hofu kwa vipimo hawakupata kitu cha kuwapinga. Ndani ya ubongo wa mnyama, na wetu pia, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kufunga pamoja maumivu na chochote kilichokuwapo wakati wa maumivu: sauti, mahali, harufu, mtu. Kwa mambo mengi mnyama hujifunza polepole, lakini kwa hatari kubwa mara moja inatosha. Na somo hilo halichakai upesi. Panya wa maabara waliofundishwa kuogopa mlio fulani walipimwa tena baada ya miezi 16, karibu umri wote wa utu uzima wa panya, na bado waliganda kwa woga waliposikia mlio ule.

Watu wengi hudhani hofu ni kama doa kwenye nguo. Unafua, unafua, siku moja limetoka. Likionekana tena unasema sabuni ilikuwa mbaya. Hapo ndipo wewe na jirani zako mmekosea, na si ninyi tu. Hofu iliyotulizwa haikufuliwa. Kilichotokea ni kwamba mnyama amepata somo la pili, likakaa juu ya lile la kwanza. La kwanza linasema, "Darajani kuna balaa." La pili linasema, "Darajani siku hizi hakuna balaa." La pili likipata nguvu hulinyamazisha la kwanza, lakini haliling'oi.

Mrusi Ivan Pavlov aliliona hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa mate ya mbwa. Mbwa aliyezoea kupewa chakula baada ya sauti fulani hutokwa na mate akisikia sauti hiyo. Ukiendelea kutoa sauti bila chakula, mate hupungua hadi kukauka, ungedhani amesahau. Mwache apumzike, umsikilizishe tena sauti ileile, na mate yanarudi yenyewe bila kufundishwa upya. Kitu kilichosahauliwa hakiwezi kurudi hivyo. Kilikuwepo, kimezuiwa.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba masomo haya mawili hayakuumbwa sawa. Somo la hofu ni pana: punda wako aliangushwa kwenye daraja moja na lori moja, lakini leo analiogopa hata lori lililo nyuma ya ua. Somo la usalama ni jembamba. Hushikamana na mahali lilipofundishwa, saa yake, mtu wake, hata hali ya mwili siku hiyo. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Mnyama anayedhani kuna simba kichakani, kumbe hakuna, amekosa majani ya siku moja. Anayedhani hakuna, kumbe yupo, hakuacha kizazi. Punda wetu wote wametokana na wale wa kwanza.

Rudi sasa kwenye barua yako uisome kwa jicho hilo. Mwanao alimfundisha punda alfajiri. Magari hayakuwapo. Mkokoteni haukuwapo mwanzoni. Kamba ilishikwa na mtoto yuleyule, anayenukia vilevile, anayepiga mluzi uleule. Kwa punda, somo la usalama halikuwa "daraja ni salama." Lilikuwa "daraja ni salama asubuhi, kijana huyu akiwa mbele yangu na mluzi ukisikika." Halafu kijana akaondoka, mluzi ukaondoka naye. Wiki 3 zikapita, na kama ilivyokuwa kwa mbwa wa Pavlov, kupumzika peke yake kunatosha kuirudisha hofu kiasi. Juu ya hayo, saa ikawa nane mchana, jua kali na kivuli kingine chini ya daraja, mzigo umejaa kama ulivyojaa siku ya kuanguka, na mwenye kamba ni mtu mwingine. Karibu kila kitu kilichobeba somo la usalama hakikuwapo. Karibu kila kitu kilichobeba somo la balaa kilikuwapo.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Mark Bouton, ameshughulika na jambo hili kwa miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Panya akifundishwa hofu katika kisanduku kimoja na kutulizwa katika kisanduku kingine, ukimrudisha kwenye kile cha kwanza hofu hurudi. Hata ukimpeleka kwenye cha tatu asichokijua, mara nyingi hurudi vilevile. Lakini yeye na wenzake waliona jambo jingine ambalo kwako ni la thamani zaidi. Kukiwa na alama ndogo iliyokuwapo wakati wa kutulizwa, na alama hiyo ikatolewa tena siku ya kupimwa, jibu la zamani hurudi kwa nguvu ndogo zaidi. Alama hiyo humkumbusha mnyama somo la pili. Mama, wewe unayo alama hiyo. Ni mluzi wa mwanao. Nitaurudia.

Hilo la kutetemeka lori likipita nyuma ya ua lina maelezo yake. Hofu iliyotulia hurudi pia mnyama akipata mshtuko mwingine, hata kama mshtuko huo hauhusiani na kile alichokuwa akikiogopa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimtibu mtoto wa karibu miaka 3, anayeitwa Peter katika maandishi yake, aliyekuwa akiogopa sungura. Mtoto alikuwa ameanza kupona vizuri, kisha akaugua, akalazwa karibu miezi 2. Alipokuwa akitoka hospitalini na muuguzi wake, mbwa mkubwa akawarukia. Aliogopa sana, na aliporudi kwenye mafunzo, woga wa sungura ulikuwa umerudi palepale ulipoanzia. Sungura hakuhusika hata kidogo. Jones hakukata tamaa. Alianza upya, safari hii kwa chakula: mtoto akila kitu anachokipenda, sungura alisogezwa kidogo kidogo, kamwe si karibu kiasi cha kumfanya aache kula. Mwishowe Peter alimwacha sungura amtafunetafune vidole.

Mwaka huohuo wa 1924, mwezi wa Septemba, mafuriko yaliingia katika vibanda vya mbwa wa Pavlov huko Leningrad, wakaokolewa kwa kuogeleshwa. Mbwa mmoja alivurugika, mafunzo yake yote yakamtoka, ikachukua majuma kumrudisha. Alipokwisha kutulia, Pavlov aliyaacha maji machache yatiririke chini ya mlango, na mbwa akavurugika upya. Watu wa Ahero na bonde la Nyando, huko Kenya magharibi kunakofurika mara kwa mara, hawahitaji maabara kulijua hilo. Ng'ombe aliyewahi kuburutwa na maji huanza kuhangaika mvua ikipiga mabati tu.

Kwa hiyo ule mjeledi wa darajani ulifanya mambo mawili. Ulithibitisha kwamba darajani kuna maumivu, na uliamsha hofu nyingine zilizokuwa zimelala, pamoja na ile ya lori. Sikuambii haya kukuongezea majuto. Ulikuwa mgonjwa, maji yanasubiriwa na wateja, jua kichwani. Nakuambia ili ujue kwamba kutetemeka huko ni kwa siku chache zilizopita, na hofu iliyoamshwa upya hutulia upesi kuliko iliyofundishwa mara ya kwanza, ukiacha kuichochea.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa balaa la mnyama. Kulikuwa na ng'ombe mmoja huko Bahati niliyemtibu ugonjwa wa kiwele siku nyingi mfululizo, sindano asubuhi na jioni. Akanijua kwa mlio wa pikipiki yangu. Ikikohoa tu langoni, maziwa yanafungwa, na mama mwenye ng'ombe anabaki na ndoo tupu. Nilianza kupita siku zisizo na sindano, nikamtupia majani mabichi ya mahindi, nikaondoka. Majuma matatu hivi akawa anakuja mwenyewe kwenye ua. Kisha nikabadilisha koti. Nilipoingia na koti jipya alirudi nyuma hadi ukutani, ikabidi nianze tena. Mara ya pili ilichukua siku 4.

Sasa ushauri wa majirani. Kumvuta kwa kamba watu wanne ni hatari, na kunadanganya. Daraja halina kingo. Punda mwenye hofu akivutwa hurudi nyuma kwa nguvu zote, halafu huruka mbele ghafla, na aliye mbele yake ndiye atakayeingia mtaroni. Hata mkifaulu, mtakachopata ni punda aliyeganda, siyo aliyetulia. Ukimwona baada ya hapo hatikisiki, macho yamekodoka na hali kitu, usiseme amekubali. Amekata tamaa, na kukata tamaa huko siku moja hugeuka kuwa teke au kutimka katikati ya barabara ya malori.

Kumuuza ni haki yako, na kuna hali ambapo ningekushauri hivyo. Lakini jua atakayemnunua hatajua habari ya daraja, na atakutana na lori siku ya kwanza. Jua pia kwamba kwa miaka kadhaa punda wengi wa nchi hii waliouzwa kwa haraka waliishia kuchinjwa kwa ajili ya ngozi, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuipiga marufuku biashara hiyo. Punda wa miaka 9 anayetunzwa vizuri ana miaka mingi ya kazi mbele yake. Mimi ningempa majuma 6 mengine kwanza.

Kuna wanaouliza dawa ya kutuliza. Dawa zipo na daktari anaweza kumpa akiwa na sababu, kwa mfano akishona jeraha. Hazifai kwa somo hili. Mnyama aliyelewa dawa hatakiwi kuvuta mzigo, na anachojifunza akiwa na dawa mwilini mara nyingi hakiji naye dawa ikiisha. Ni kisanduku kingine tu kwa ubongo wake. Pengine pia umesikia kwamba wanasayansi wanaweza kufuta kumbukumbu ya hofu. Ni kweli kwamba mwaka 2000 watafiti wa New York walionyesha kuwa kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, na dawa ikidungwa ndani ya amigdala ya panya wakati huo kumbukumbu hudhoofika. Hakuna wa kufanya hivyo kwa punda wako, wala hakuna haja.

Kabla hujaanza chochote, mkague mwili. Punda huficha maumivu kuliko mnyama yeyote ninayemtibu. Pitisha kiganja kwenye ule mguu uliochanika kutoka juu hadi chini, ulinganishe joto lake na la mguu wa pili. Inua kwato, usafishe, utazame kama zimerefuka au kuna jiwe limejificha. Angalia shingo na mgongo panapokaa kamba za mkokoteni. Kidonda kidogo cha kusuguliwa kikigandamizwa na mzigo uliojaa kinatosha kumfanya akatae mteremko wowote. Mfunike jicho moja, umtembeze, kisha jingine, uone kama anajikwaa. Kama mahali fulani panamuuma, kila utakachomfundisha darajani kitaharibiwa na maumivu hayo.

Akiwa mzima, pumzisha daraja siku 7 kamili. Najua ni mapato. Kama kuna njia ndefu ya kuzunguka, izunguke, au uza upande wa nyumbani tu. Sababu ni hii: kila akifika darajani, akakataa, ukageuza, amejifunza kwamba kukataa kunaokoa. Hofu hukua kwa kukwepa kama moto kwa kuni. Asifike mahali pa kukataa kabisa hadi uwe tayari.

Wiki hiyo ya mapumziko rudisha mluzi. Kama hujui kuupiga kama mwanao, jaribu hivyohivyo, mradi uwe ule wimbo wake. Upige nyumbani wakati wa karoti, kila siku, hadi masikio yakikugeukia kabla hujaufungua mkono. Karoti zikate kwa urefu kama vidole, si kwa duara. Vipande vya duara humkaba punda. Na jiwekee sharti: mluzi haupigwi siku ya hasira, haupigwi pamoja na fimbo, haupigwi kumdanganya aingie penye maumivu. Mwanao alitumia wiki 6 kuujaza mluzi huo wema, nawe usiuchafue kwa dakika moja.

Kisha anza barabarani, na anza mbali. Pima mahali masikio yanapoanza kuganda, tuseme ni hatua 40 kutoka darajani. Wewe simama hatua 50. Hapo mpigie mluzi, mpe karoti, msimame pamoja dakika chache, mrudi akiwa bado ametulia. Chakula ndicho kipimo chako, kama ilivyokuwa kwa Peter. Punda anayetafuna bado anajifunza. Akikataa karoti aliyoipenda jana, umemsogeza mno, rudi nyuma kidogo na usimkaripie. Usimrudishe nyumbani akiwa katikati ya hofu kali, mrudishe penye utulivu kwanza ndipo mwende nyumbani. Mara mbili fupi kwa siku ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Na yule jike mzee ni hazina. Punda wanaoishi pamoja hushikana sana, na mwenye hofu akimwona mwenzake anatembea bila wasiwasi, hofu hushuka. Mtangulize jike, mwepesi, bila mzigo, dume afuate. Siku dume atakapokanyaga daraja kwa mara ya kwanza, usishangilie wala usimvute amalize. Akikanyaga kwa miguu ya mbele tu na kurudi, hiyo inatosha kwa siku hiyo.

Akishavuka kwa utulivu, ndipo kazi ambayo mwanao hakuwa na namna ya kuijua inapoanza, nayo ni kulipanua somo. Wengi huishia hapa kwa furaha, kumbe ndipo nusu ya pili. Mvushe asubuhi, mchana, jioni. Mvushe siku ya vumbi na siku ya matope. Mvushe na kamba mkononi mwako, kesho mkononi mwa ndugu yako. Mvushe na mkokoteni mtupu, kisha madumu 2, 4, 6, ukibadilisha kitu kimoja kwa siku na si vyote pamoja. Lori pia lifundishwe peke yake, mbali na daraja. Simama naye shambani mita 100 kutoka barabarani, karoti itoke lori linapopita, na umsogeze kwa siku nyingi. Kisha ndipo vitu viwili vikutane, daraja na gari, ukianza na pikipiki. Mluzi nao upunguze taratibu. Mara upige, mara usipige. Ukiutumia kila mara bila kuacha, atajifunza kwamba daraja ni salama kwa sababu ya mluzi, na siku umekauka koo mtarudi mlikotoka. Na kila atakapopumzika zaidi ya wiki moja, usimtoe na mzigo siku ya kwanza. Mvushe mtupu mara mbili, na karoti, kama mtu anayeonja mboga kabla ya kupakua.

Sitakuahidi kwamba hofu haitarudi tena. Itarudi, pengine wakati wa mvua, pengine lori jingine likipiga honi. Lakini kila inaporudi na kukuta somo la usalama limepanuka, hukaa muda mfupi zaidi. Kuna punda wachache ambao, hata baada ya haya yote, daraja moja fulani linabaki gumu. Huyo mtafutie kazi isiyopita hapo. Na daraja lile lenyewe, kwa haki, linahitaji kingo. Hofu ya punda wako haikuzuka hewani, na mnapokutana kijijini na wawakilishi wenu lisemeni hilo.

Umwite daktari wa mifugo aje kumwona ana kwa ana mambo haya yakitokea. Akiacha kula kwa siku moja nzima, usingoje ya pili, kwa sababu punda asiyekula mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na anaweza kufa kwa hilo wakati ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Akichechemea, au mguu ule ukivimba. Akianza kukakamaa, taya likawa gumu na ngozi ya ndani ya jicho ikajitokeza, hiyo ni pepopunda. Mnyama wa jamii hii huipata kwa urahisi kupitia majeraha, na kama hakuchanjwa alipochanika, uliza chanjo hiyo sasa. Hofu ikigeuka kuuma na kushambulia ghafla, au akidondosha udende na kushindwa kumeza, usitie mkono mdomoni mwake. Mfungie peke yake na upige simu, kwani kichaa cha mbwa huwapata punda pia. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo itakusaidia, na hapo Njoro mna Chuo Kikuu cha Egerton chenye kitivo cha tiba ya mifugo, kwa hiyo hamko mbali na wataalamu. Na kama anatimka na mkokoteni badala ya kusimama, usiendelee peke yako hata siku moja. Barabara ile si ya kujaribia.

Mwanao akija likizo ya Aprili, usimkabidhi kamba siku ya kwanza hata akiiomba. Mwache asimame ng'ambo ya daraja na karoti yake, apige mluzi, wewe umlete punda.